Rafiki yako ameshahubiriwa, kinachomkimbiza ni ile sauti

Kama umewahi kupanda matatu ya Kondele kwenda town hapa Kisumu asubuhi, hii unaijua. Gari bado iko stegi inangoja watu wawili ijae, jamaa mmoja aliyekuwa ameketi kimya kama sisi wote anasimama, anashika chuma, anakohoa kidogo, halafu sauti inabadilika. Dakika mbili zilizopita alikuwa anabishana na makanga juu ya shilingi kumi na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sai anatetemesha maneno na kuvuta mwisho wa kila sentensi kama mtu anavuta ng'ombe mkaidi. Sasa angalia abiria. Wenye waya za masikio wanaziingiza, mama wa kiti cha nyuma anafungua mkoba kutafuta kitu ambacho hakijapotea, na wengine tunaangalia nje dirishani, na hapo nje hakuna cha kuangalia, ni Kondele tu.

Na karibu kila mtu kwa hiyo gari alikuwa kanisani jana.

Mimi si pasta. Niko na kaduka ka kuprinti na kurekebisha simu hapa Manyatta, na Jumamosi mchana nafunga naenda kukaa na vijana wa kanisa letu, nimefanya hivyo miaka kadhaa sasa. Kila mwaka kikao cha wazee kinauliza swali lile lile, mbona hawa vijana hawaleti wenzao? Na majibu pia ni yale yale, ati wanaona haya, wamependa dunia, simu zimewaharibu. Basi tunaitisha semina, analetwa mtu kutoka mbali, vijana wanakaririshwa aya sita na hatua za kumwongoza mtu sala ya toba, wanapewa bunda la trakti, zile karatasi za injili, waende nazo mtaani. Mwaka juzi hizo trakti nilizipata kwa mama wa njugu pale kona, anafungia za shilingi kumi. Nilinunua, na nikasoma, enyewe karatasi ilikuwa nzuri.

Shida ya hizo semina ni kwamba zote zinachukulia rafiki wa huyu kijana hajawahi kusikia. Kama ni 1902, wamishonari wa Friends, wale Quaker, wakiwa ndio wanafika Kaimosi, ama 1906 wale wa Anglikana wa CMS wakianza Maseno, hapo sawa, kulikuwa na habari mpya ya kupelekwa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6 na asilimia 85.5 wakajiita Wakristo, wasio na dini hawakufika hata asilimia 2. Na hata usiangalie sensa, tembea tu Jumapili kutoka Manyatta mpaka Nyalenda, utapita Anglikana, utapita Katoliki, Legio Maria na kanzu zao, watu wa Roho na ngoma na bendera, Wasabato wa SDA wao walimaliza jana, halafu yale makanisa ya mabati yenye spika kubwa kuliko mlango. Rafiki wa kijana wako alifanya CRE, lile somo la dini ya Kikristo shuleni, akapata A. Anaweza kukuchorea safari za Paulo kwa ramani. Ukimfungulia aya sita yeye atakumalizia ya saba.

Alafu kuna mahali amehubiriwa zaidi na hatupahesabu, matangani. Mtoto wa huku anaanza kuhudhuria mazishi kabla ajue kufunga kamba za viatu, na karibu kila mazishi kuna mhubiri anasimama kando ya jeneza anauliza, wewe ukiitwa leo, unaenda wapi? Watu wanalia, jua linachoma, tenti inanuka jasho na maua, na kuna mtu ananong'oneza kama ng'ombe ametosha watu. Ukifanyiwa hivyo toka miaka mitano mpaka kumi na tisa, yale maneno ya wokovu na jeneza vinashikana kichwani. Ukianza tu na hayo maneno, rafiki yako tayari yuko kwa mazishi ya shangazi. Na tunashangaa mbona anabadilisha stori.

Naongea kama mtu ambaye ameharibu hii kitu kwa mikono yake. Kidato cha tatu, bodingi moja huku magharibi, nilikuwa katibu wa CU, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, na nilikuwa moto kweli. Tulikuwa na kitabu cha mazoezi cha kurasa 48 tunaandika majina ya wale tunafuatilia, na mbele ya jina unaweka alama, tiki kama ameokoka, alama ya kuuliza kama bado anasumbua, nyota kama amerudi nyuma, sijui nani alichagua nyota kwa hiyo. Deskimeti wangu alikuwa na alama za kuuliza tatu. Huyu ni mtu tulikuwa tunagawana sukari, ndiye alinifanya nielewe logarithimu, na nilimpenda, sikuwa naigiza. Siku moja alikuwa anatafuta kalamu kwa dawati langu akakifungua kile kitabu. Hakupiga kelele. Alinijia na kitabu kimefunguka pale pale kwa jina lake akaniuliza hii ni nini, nikaanza kueleza mambo ya mzigo wa roho za watu, akanikatiza. "Kwa hivyo zile usiku tulikuwa tunaongea juu ya mzee wangu, ulikuwa unatoka hapo unaenda kuandika hapa?"

Mambo ya mzee wake sikuwa nimeyaandika, Mungu ni shahidi. Lakini ile alama ya tatu ya kuuliza niliiweka usiku huo huo. Ijumaa akahama dawati.

Mtu ataniambia lengo lilikuwa zuri. Lilikuwa. Hata muuza bima ana lengo zuri, na bado ukimwona anakuja unajifanya uko kwa simu. Binadamu anajua akipimwa, anaskia kwa ngozi, na kitu kibaya zaidi ni kwamba akishajua anarudi nyuma kuhesabu upya kila wema uliomfanyia. Ile sukari ilikuwa sukari ama ilikuwa chambo? Hapo ndio tunawapeleka vijana wetu kila tukiwaambia andika majina ya marafiki watano utakaowaleta kabla mwaka uishe, na bado tunafanya, nimeona karatasi zimebandikwa ukutani kanisani majina kabisa, siku moja mwenye jina atakuja harusi ajisome.

Turudi kwa ile sauti, juu hapo kuna historia. Kijana yeyote wa Kenya wa kanisa anaweza kusema hii akiwa amelala: Bwana asifiwe, Bwana asifiwe tena, kwa majina naitwa fulani, nimeokoka na nampenda Yesu kama Bwana na mwokozi wa maisha yangu. Mimi naona mizizi yake inarudi kwa ule uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu, ndio maana mpaka leo utapata mama wa Vihiga anaimba Tukutendereza kwa Kiganda na hajui neno lingine lolote la Kiganda. Wale watu walisimama kushuhudia kama sisi tunavyosimama, tofauti ni kwamba ndani ya ushuhuda kulikuwa na vitu. Mtu anakiri alichoiba na anakirudisha. Anataja deni na analilipa. Mume anakubali makosa yake mke akiwa ameketi pale pale anasikia. Sasa wewe jirani ambaye jembe lako lilipotea miaka miwili, unaliona limerudi limeegemezwa ukutani kwako, utaacha kuuliza kumetokea nini? Sisi tumerithi salamu ya mwanzo, tukaing'arisha, tukaipa maiki, halafu baada ya salamu mtu anaketi.

Kwa hivyo vijana wakikataa kuongea mi sioni kama wanamwonea Yesu haya. Wanaona haya kuigiza mbele ya mtu anawajua. Rafiki amekuona ukikopa, amekuona ukilia juu ya matokeo ya mtihani, mnaongea Sheng na Dholuo na Kiswahili vyote kwa sentensi moja, halafu ghafla unafika mambo ya imani unabadilisha gia unaanza kuongea kama Biblia ya Union, ile tafsiri ya zamani. Lazima asikie gia. Na akisikia anajua sai naingizwa kwa kitu. Hiyo aibu ya kijana mi naiheshimu, ni akili.

Kuna wenzangu wamesikia haya wakasema basi waache maneno, waishi vizuri tu, maisha yenyewe yahubiri. Inaskika poa, nimewahi kuiamini, lakini kwetu haifanyi kazi. Mahali kila mtu ni Mkristo, kijana asiyekunywa na asiyeiba mtihani watu watasema mamake ni mkali. Ama amelelewa na nyanya. Ama hana pesa tu. Tabia njema huku iko na maelezo mengi ya bure na Yesu si lazima awe mmoja wao. Petro kwa ile barua yake ya kwanza, sura ya 3, anataka uwe tayari kumjibu mtu anayekuuliza habari za tumaini lako, halafu anaongeza, kwa upole. Nilisoma hiyo aya miaka mingi kabla nione kwamba anayeanza mazungumzo hapo ni yule mwingine. Yeye ndio anauliza. Kazi yako ni kuwa mtu anaulizika, na ukiulizwa uwe na kitu chako, si cha semina.

Hiyo ya pili ndio ngumu kuliko nilivyodhani. Mwaka jana Jumamosi moja nikawaambia, kila mtu dakika tatu, tuelezee kitu Mungu amekufanyia, lakini haya maneno leo yamefungiwa nje: kuokoka, neema, upako, damu, baraka, adui, ushindi, mlango kufunguka. Ilikuwa kichekesho. Mwimbaji wetu wa sifa, mtu anaweza kubeba kesha mzima bila karatasi, alisimama akasema "Mimi, Mungu, yani ame..." akaketi. Mwingine alidanganya akatumia Kiingereza, tukamtoa. Karibu tuache.

Halafu kijana mmoja wa car wash, huyo huwa haongei hata ukimlipa, akaanza tu akiwa ameketi, anaangalia viatu vyake. Akasema tangu buda yake afariki alikuwa analala redio ikiwa on usiku mzima, juu nyumba ikinyamaza anaanza kusikia vitu, na mathe akawa analalamika tokeni ya stima inaisha haraka. Ndio akaanza kuongea na Mungu hapo gizani, vitu ndogo ndogo, nani amemkasirisha job, nani hajamlipa. "Siku hizi nazima redio," akasema, na ikaishia hapo.

Hakuna mtu alisema amina, tulisahau. Nikafikiria wale abiria wa Kondele, nikajiuliza nani kati yao angeingiza waya masikioni akiambiwa hiyo na mtu ameketi karibu naye, kwa sauti ya kuulizia nauli.

Kutoka hapo tukaongeza kitu kingine, kila mtu alete swali moja ambalo rafiki amemuuliza kweli. Si swali la kutunga. Nilitarajia mambo ya dinosaria na Kaini alioa nani. Nilipata mengine kabisa. Mbona tulifunga na kuomba na mamangu akafa. Mbona mheshimiwa akija na bahasha anaketishwa mbele na mimi nikiingia na viatu vya vumbi napelekwa nyuma. Na Shakahola, hiyo ilirudi mara tatu. Unajua mwaka wa 2023 kule Kilifi miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwa ule msitu, watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu, sasa rafiki akikuuliza unajuaje kanisa lenu si kama lile, hakuchokozi. Anauliza kama wewe uko salama.

Zile aya sita haziwezi kubeba maswali kama hayo. Na mengine jibu lake haliko mdomoni mwa kijana, liko kwa mwenendo wa kanisa. Juni 2024 wakati vijana walikuwa barabarani juu ya Muswada wa Fedha waliyageukia makanisa pia, mitandaoni na hata ndani ya ibada, wakitaka wanasiasa wasipewe maiki. Halafu Novemba mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza litarudisha pesa rais alizotoa kwa parokia moja. Hiyo wiki msichana mmoja wetu, na hata si Mkatoliki, alienda kwa rafiki yake aliyekuwa anamcheka juu ya makanisa na bahasha, akamwonyesha simu, akasema "umeona?" Bila semina. Kanisa lilifanya kitu, kijana akapata cha kusema.

Mengine nimewafunza kusema sijui, na hapo nilipata shida kidogo. Mzee mmoja wa kanisa alipita Jumamosi akatusikia, akaketi mpaka mwisho, baadaye akaniita kando. Akasema, "Kijana wangu, unawafundisha watoto mashaka. Mtu akiambiwa sijui ataokoka vipi?" Nikamwambia mzee, kumbuka yule kipofu wa Yohana 9, wasomi wa dini walimbana na maswali ya theolojia, yeye akawaambia hilo sijui, najua moja tu, nilikuwa kipofu na sasa naona. Mzee akanyamaza, akarekebisha kofia. "Lakini huyo alikuwa ameponywa kweli," akasema.

Ndio hapo mzee, ndio hapo. Sijui kama alielewa vile mimi nilielewa, lakini alirudi Jumamosi iliyofuata na akaleta swali lake mwenyewe na sitaliandika hapa.

Mambo madogo nitapitia haraka. Rafiki Mwislamu, na Kisumu tuko nao tangu zamani, si mtu wa kuviziwa, muulize juu ya Ramadhani yake na umsikilize mpaka mwisho kabla umwambie ya kwako. Katiba yenyewe kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa imani yake na kumlinda asilazimishwe. Na kama rafiki ni mtoto wa shule usimfiche mzazi wake, ukiona unataka kuficha jua kuna kitu hakiko sawa. Statasi za aya kila asubuhi endelea nazo kama zinakujenga, lakini usihesabu kama umeongea na mtu. Walioona ni 61, waliojibu hakuna, na mmoja wao ni wewe mwenyewe kwa simu ingine.

Jambo moja siwezi kupitia haraka ni hili la kusimamisha wageni. Kijana amehangaika miezi, rafiki amekubali kuja, ameazima shati, na tunamfanya nini? Wageni wote simameni. Jina, umetoka wapi, umealikwa na nani, umeokoka? Halafu tunamwimbia na kumpungia mkono mtu anatamani sakafu ifunguke. Nimeona kijana aliyemleta akiangalia chini hiyo dakika yote kama yeye ndio amemsaliti. Kwa mkutano wa vijana tumeacha, mgeni anapewa chai na kiti. Kwa ibada kubwa nimeongea na wazee, tuko pale pale.

Na wakiniuliza kwa kikao, hii njia yako imeleta wangapi, nasema sihesabu, na wanakasirika, na nawaelewa. Kile kitabu cha kurasa 48 bado nakiona nikilala.

Kuna binti wetu anasuka nywele karibu na Kibuye. Rasta ndogo zinachukua saa tano, saa sita, na aliniambia ameamua mteja akiwa kwa kiti hamhubirii. "Kichwa chake nimeshikilia mimi, ataenda wapi? Si hiyo ni kumteka?" Ana rafiki walisoma pamoja, zamani mwimbaji wa kwaya, aliacha kanisa baada ya mtu wa madhabahuni kumkosea vibaya, na huja kusukwa kila baada ya wiki sita hivi. Mwaka mzima wameongea wanaume, kodi ya nyumba, bei ya nywele. Mara moja tu rafiki aliuliza, wewe bado unaenda? Akasema naenda. Kwa nini? Na huyu binti na kitana mdomoni akamjibu vile alimjibu, hakuniambia yote na sikumuuliza.

Mwezi uliopita walikuwa wamefika mwisho, kuchovya ncha kwa maji moto, jagi inatoa mvuke, rafiki ameinamisha kichwa kwa taulo. Akasema mamake anafanyiwa operesheni Alhamisi. Akanyamaza mpaka maji yakaanza kupoa.

"Ebu niombee," akasema. "Lakini usiombe na ile sauti."

Binti akaweka jagi chini, akapanguza mikono.